Jirani Naye Amesikia

Kabla ya kuingia studio alichana nywele. Nimeambiwa hivyo na watu waliofanya kazi naye, na mara ya kwanza sikuamini, kwa sababu alikuwa mtangazaji wa redio na wasikilizaji wake walikuwa wakulima wasioweza kumwona. Lakini alichana nywele, akakaza tai, akafuta viatu kwa kitambaa, ndipo akaenda kuwasomea watu bei ya kabichi. Wenzake walimuuliza nani anamwona. Alijibu kwamba kuna mama mmoja huko Mtae anamwona vizuri sana, na mama huyo hapendi uzembe.

Kijijini kwetu, juu kidogo ya Mlalo, hakuna aliyemtaja kwa jina. Alikuwa Mtangazaji tu. Sisi watoto tulimwita mjomba, kwa kuwa tuliwaiga watoto wa dada yake, na dada yake alikuwa Mama Hoteli, mwenye hoteli ya chai pale njia panda ambapo lori la ushirika lilisimama kupakia mboga. Nyumba yetu ilipakana na hoteli hiyo. Nimekua nikimsikia Mtangazaji kwa namna mbili: jioni, sauti yake ikitoka kwenye redio ya dada yake baada ya taarifa ya habari, na nyakati za likizo, sauti ileile ikiomba sukari.

Kazi yake ilikuwa habari za biashara. Alitangaza bei za mazao katika soko kuu la Dar es Salaam, meli iliyoleta mbolea, kiwanda kilichosimama kwa kukosa vipuri. Mtu anaweza kudhani habari za namna hiyo hazina mvuto. Kwetu wanaume waliacha bao katikati ya mchezo ili wamsikilize.

Ukweli ni kwamba alikuwa amesomea televisheni. Miaka michache baada ya Uhuru alipelekwa Ulaya, katika nchi ya baridi ambayo hakupenda kuitaja, akafundishwa kusoma habari za biashara mbele ya kamera. Alijifunza kuitazama kamera kama macho ya mtu mmoja, na kusimama kando ya ubao wenye mistari ya bei akiuonyesha kwa fimbo bila kuwapa watazamaji mgongo. Aliporudi akakuta imeamuliwa kwamba televisheni isubiri. Wananchi wengi hawakuwa na maji ya bomba. Sanduku la picha lingekuwa la watu wachache wa mjini, na redio ilimfikia kila mtu. Waliokwenda kumpa pole walirudi wamechanganyikiwa, kwa sababu aliutetea uamuzi huo kuliko walioutoa.

Nimejiuliza mara nyingi kama aliutetea kwa moyo. Kwa upande mmoja, sikumsikia hata siku moja akilalamika. Kwa upande mwingine, kulikuwa na ile tai. Halafu kulikuwa na jambo la kukariri. Kwenye televisheni, alisema, msomaji hainamishi kichwa kutazama karatasi, maana anayeinamisha kichwa anafanana na mtu aliyefumaniwa. Basi kila jioni alikariri bei zote, akaigeuza karatasi juu chini mezani, akasema yote akiwa ametazama mbele, kwenye ukuta wa studio. Mafundi mitambo waliogopa kwamba siku moja atasahau. Hakuwahi kusahau. Labda mtu anaweza kukubaliana kabisa na jambo lililomnyima kitu, na bado mwili wake usikubali. Au labda alipenda tu kuvaa vizuri.

Televisheni tuliiona mara moja. Tulimsumbua sana atueleze ikoje, hata akaingia ndani ya hoteli na kutuambia tukae nje kwenye majani. Dirisha la hoteli halikuwa na kioo, lilikuwa fremu ya mbao tupu. Akatokea pale kuanzia kifuani kwenda juu, tai imenyooka, akatutazama mpaka tukaacha kucheka.

"Ndugu watazamaji, habari za jioni. Mayai yamepanda bei katika soko la Mlalo kwa sababu kuku wanaona baridi. Na mbuzi wa mzee aliyeketi hapo mbele ameonekana akila maharage ya shamba la kijiji. Kamati inachunguza."

Mzee mwenye mbuzi alikuwa amekuja kunywa chai, akajikuta miongoni mwa watazamaji. "Mbuzi wangu hajala maharage ya mtu," alisema.

Mtangazaji akaendelea na bei ya ndizi.

"Nasema hajala."

"Mzee wangu, kwenye televisheni huwezi kunijibu."

"Basi hiyo si habari," mzee alisema. "Hiyo ni amri. Tuliziona nyingi za Wajerumani."

Watu walicheka mpaka Mama Hoteli akaja na mwiko mkononi, akamwambia ndugu yake atoke dirishani kwa sababu anazuia moshi. Sisi tulisahau. Yeye hakusahau. Miaka mingi baadaye aliniambia kwamba mzee yule alisema kweli, na kwamba redio nayo ni hivyohivyo, ila redioni huoni aliyefungua kinywa kukujibu.

Sokoni alikuwa kituko. Akina mama waliouza mapeasi wakimwona anashuka njia ya kanisani walinong'onezana, "Bei mwenyewe huyo anakuja, pandisheni," wakapandisha. Naye alilipa kile alichotajiwa. Siku moja nilikuwa nimebeba kikapu cha Mama Hoteli, nikamsikia akimkabili ndugu yake.

"Wewe, mbona hukuomba akupunguzie?"

"Ndiyo bei aliyoisema, dada."

"Hiyo si bei, hiyo ni salamu. Bei inakuja mkishaongea."

"Nikibishana naye, nitakuwa nimeitengeneza bei mimi mwenyewe. Kazi yangu ni kuisema."

"Basi nenda kaiseme redioni, kwamba umeibiwa."

Alicheka, lakini nadhani hakuwa akitania. Aliiogopa bei kama mtu anavyoogopa kugusa mizani wakati kitu kinapimwa. Ajabu ni kwamba aliigusa kila siku, na alichelewa kujua. Mwaka mmoja alitangaza kwamba karoti zina bei nzuri. Milima yote ikang'oa karoti usiku huohuo, nyingine nyembamba kama kidole, malori yakateremka Mombo kama maandamano, na zilipofika sokoni zikamwagwa kwa kukosa mnunuzi. Alipokuja likizo, mkulima mmoja alitoka Rangwi kwa miguu kumtafuta.

"Ulisema bei nzuri."

"Ilikuwa nzuri nilipoisema."

"Sasa nani ameiharibu?"

"Wewe, ndugu yangu, na wenzako wote mlionisikia."

Mkulima alikunywa chai ya bure, akaondoka bado ana hasira, na nadhani alikuwa na haki. Tangu hapo Mtangazaji aliongeza maneno yake mwishoni mwa kila kipindi: "Bei hii ni ya asubuhi ya leo. Na jirani yako naye ameisikia." Wakubwa wake walimuuliza maneno hayo yanatoka wapi. Mmoja aliona yanaweza kuwafanya wananchi watiliane shaka, wakati nchi inajenga ujamaa. Yeye akasema hakuna sentensi ya kijamaa kuliko hiyo, maana inamkumbusha mtu kwamba ana jirani. Wakamwachia. Kwetu ikawa msemo. Kijana akijisifu kwamba amepata mchumba kwa siri, wenzake walimwambia, jirani naye amesikia.

Hata hivyo si msemo huo unaonifanya nimwandike. Ninamwandika kwa sababu ya kabichi za dada yake.

Ilikuwa Jumamosi, mimi nikiwa bado shule ya msingi. Lori lilikuwa limesimama njia panda na Mama Hoteli alikuwa na kabichi nyingi kuliko msimu wowote, kabichi ngumu zilizofunga vizuri, ambazo kwa mauzo yake alitaka kubadilisha nyasi za hoteli na kuezeka mabati. Mtangazaji akatokea na sanduku lake kutoka Dar es Salaam. Alimsalimia dada yake, akavua koti, akalitundika kwenye nguzo ya uzio, akaanza kumrushia kabichi mtu aliyekuwa juu ya lori. Alipakia mpaka ya mwisho huku akiimba kwaya kwa sauti ya chini. Lori likaondoka, sote tukalipungia.

Jumatatu jioni yeye akiwa bado likizo, mwenzake alisoma kwamba kabichi zimeshuka vibaya. Zilikuwa zimeingia nyingi kutoka mkoa mwingine tangu Ijumaa, na sasa zilikuwa zimelundikana sokoni bila mnunuzi. Mama Hoteli alikuwa anafuta meza. Alisimama.

"Tangu Ijumaa," alisema. Ndugu yake alikuwa ameketi palepale, na kikombe. "Ulijua?"

Angeweza kusema hakujua. Hoteli ilikuwa imejaa na kila mtu angefurahi kumwamini.

"Nilijua, dada."

"Na ukanipakilia kwa mikono yako."

"Ningekuambia, ungeshusha. Nafasi yako kwenye lori ingechukuliwa na mwanamke wa ng'ambo ya bonde ambaye si dada wa mtu."

"Na mimi ni dada wa nani?"

Nakumbuka jinsi alivyokaa, ametazama mbele kama anavyosoma habari.

Kwa baba yangu alijieleza zaidi, jioni nyingine, ukumbini kwetu. Alisema yeye hujua mambo kabla ya watu wengine, wakati mwingine siku mbili kabla, na hiyo ndiyo hatari yote ya kazi yake. Siku hizo walanguzi walikuwa wakisemwa kila mahali, watu walioficha sukari na sabuni ili wauze kwa kujuana. "Nikimwambia wangu kwanza," alisema, "mimi ni mlanguzi wa habari. Tofauti yangu na yule wa sabuni ni nini?"

Baba alifikiri. "Ungewaambia wote waliokuwa pale kwenye lori."

"Na watu wa Rangwi?"

Siku zote alikuwa na watu ambao hawakuwapo. Hilo ndilo lililowachosha wenzake, na mimi hadi leo sijui nilipime vipi. Kuna siku naona alikuwa sahihi kuliko mtu yeyote niliyemjua. Kuna siku naona kwamba mtu anayewapenda sana wasiokuwapo huwa amepata njia ya heshima ya kutowatazama waliopo. Kisha najiambia kwamba wa Rangwi nao wapo mahali fulani, wanapakia.

Mama Hoteli hakugombana. Alifanya jambo moja tu. Redio yake ndiyo iliyokuwa na betri za kuaminika kijijini, na tangu wiki ile kila taarifa ya habari ilipokwisha na sauti ya ndugu yake ilipotaka kuanza, alinyoosha mkono akaizima. Kimya kikaingia, na wanaume wakatazamana. Kisha wakajifunza kukimbia: habari zikikaribia kwisha waliteremka mteremko na vikombe mkononi kwenda kwa bwana shamba, aliyekuwa na redio ya kukwaruza, wakafika kabichi zimeshapita na sasa ni zamu ya vitunguu. Kijiji kizima kikawa kinauza mboga kwa kubahatisha kwa sababu ya ugomvi wa ndugu wawili.

Wazee wakamwita Mama Hoteli. Walimwambia kwamba redio ni kama kisima.

"Chimbeni chenu," alisema. "Betri ni zangu. Nimemfungia yeye, sikuwafungia ninyi. Anayetaka kumsikiliza aende kwa yule mwanamke wa ng'ambo, nasikia ndiye anayemtangazia."

Wazee walicheka bila kutaka, na mtu akishawachekesha wazee shauri limekwisha.

Lakini kuna jambo moja ambalo hakuweza kulizima. Kwetu shikamoo haiachwi hewani. Mdogo akikuamkia unaitika, hata kama amekuchomea nyumba. Kutoitika ni kujivunjia heshima yako, si yake. Na Mama Hoteli alikuwa mkubwa wake. Kwa hiyo Mtangazaji kila alipokuja likizo alifika mlangoni asubuhi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

Basi. Baada ya hapo angeweza kukaa saa nzima na dada yake asimwambie neno. Chai ililetwa na binti yake. Mchana alirudi na salamu ya Kishambaa, "Onga mshi, dada," naye akaitika, kwa kuwa hiyo nayo ina jibu lake. Akitoka alisahau kofia makusudi ili arudi aage. Nilikuwa msichana mwenye udadisi, nilikaa uani kwetu nikimhesabia hila zake, nikaona kwamba mtu huyu, ambaye sauti yake ilisikika nchi nzima, anaomba neno moja moja kama mtu anayekinga maji ya matone.

Nilipokuwa sekondari nilijipa moyo nikamuuliza kwa nini haombi radhi tu yakaisha.

"Nikiomba radhi nitakuwa nimesema nilikosea. Sijui kama nilikosea. Najua nilimuumiza."

"Si umwambie hivyohivyo?"

"Nimwambie lini? Ananipa neno moja kwa siku."

Alistaafu mapema, nilipokuwa Chuo Kikuu. Alirudi akajenga kwenye ardhi ya baba yao, chini ya hoteli, akawa mkulima wa kabichi kama wengine, na kusema kweli hakuwa mkulima mzuri. Alipalilia akiwa amevaa shati la mikono mirefu lililofungwa vifungo vyote. Shemeji yake, mume wa Mama Hoteli, alikuwa amefariki na magoti ya Mama Hoteli yalikuwa yameanza kukataa miteremko. Mtangazaji alipalilia shamba la dada yake kwanza, bila kuombwa, kisha akaliegemeza jembe lenye udongo wa shamba hilo mlangoni kwa dada yake ili ajue. Kesho yake jembe lilikuwa limeoshwa. Neno halikusemwa. Redioni sasa habari za biashara zilisomwa na mtu mwingine, na Mama Hoteli akawa haizimi tena. Nilidhani hilo lingempendeza ndugu yake. Mama yangu aliniambia sivyo, aliniambia kwamba jioni ya kwanza redio ilipoachwa wazi, Mtangazaji aliinuka akatoka nje.

Nimemaliza chuo mwaka jana, uchumi, na nikapangiwa kazi redioni, chumba kilekile cha habari za biashara. Barua ya kazi iliponifikia sikulala vizuri. Niliogopa kusahau namba, niliogopa sauti yangu, niliogopa kwamba nitakohoa nchi nzima isikie. Nikaenda kwake kuomba nasaha. Alikuwa anatenga miche.

"Kusoma ni jambo dogo," alisema. "Ukikohoa watasema masikini ana mafua. Shida yako haiko studio. Iko pale unapopanda basi kuja nyumbani na una jambo kichwani."

"Nifanyeje?"

Aliendelea kutenga miche. Alikuwa mtu wa kukaririsha majibu, na nilitaka jibu la kukariri.

"Mimi nilifanya nilivyofanya," alisema mwishowe. "Umeona nilivyoishi."

Sasa nieleze siku ya mwisho niliyowaona pamoja, miezi michache iliyopita. Nilikuwa nimepewa siku chache za mapumziko. Asubuhi ya kuondoka Dar es Salaam nilipitia kazini, nikasaidia kupokea bei za sokoni, na bei ya kabichi ilikuwa imeanguka. Malori yalikuwa yamefika kwa wingi kutoka pande tatu. Ingesomwa kesho yake jioni, mara itakapohakikishwa. Nililala Lushoto kwa ndugu, na kesho yake nikafika kwetu kwa miguu kutoka Mlalo, adhuhuri, nikiomba Mungu njia panda iwe tupu.

Lori lilikuwepo. Kando yake kulikuwa na marundo mawili ya kabichi, la Mama Hoteli na la ndugu yake, yametenganishwa na nafasi ya mtu kupita. Nilikata kona nizunguke nyuma ya jiko.

"Mwanangu," Mama Hoteli aliita kutoka ndani, "unapita nyuma kama mwizi wa kuku?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ingia. Umekonda. Huko hawali?"

Nikaketi. Akaniletea chai na andazi. Nilitazama ndani ya kikombe. Dereva alikuwa nje akizunguka lori lake, akipiga magurudumu teke, na alisema ana nafasi ya rundo moja na kidogo, waamue upesi. Kisha Mtangazaji akaingia, mikono ina maji ya kabichi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, msomi. Habari za Dar es Salaam?"

"Nzuri."

"Kazini hawajambo?"

"Hawajambo."

Alisimama. Nilimwona anatazama nje kwenye marundo, anayatazama tena, kisha ananitazama mimi. Alikuwa amelima miezi yote ile kwa mikono isiyojua jembe, na pale nje ndipo kilipokuwa kila alichonacho. Alivuta pumzi kama nilivyomsikia akivuta mara elfu kabla ya kuanza kipindi.

"Na huko sokoni," alisema, "kabichi..."

"Usimuulize."

Alikuwa Mama Hoteli. Hakupaza sauti. Mtangazaji aligeuka polepole, na nadhani kwanza hakujua nani amesema. Tangu nikiwa shule ya msingi hakuwahi kupewa na dada yake neno ambalo halikuwa jibu la salamu.

"Usimuulize mtoto," alisema tena. "Ana kazi yake."

"Sikutaka..."

"Ulitaka. Ningekuwa wewe ningetaka." Kisha akanigeukia. "Na wewe geukia ukutani unywe chai yako. Uso wako unapiga kelele."

Nikabeba kikombe nikageukia ukuta. Ulikuwa ukuta wa udongo, una masizi na msumari mmoja usiotundikwa kitu. Nyuma yangu maji yalikuwa yakichemka.

"Sasa?" ilikuwa sauti ya Mtangazaji, ndogo. "Ziende au zisiende?"

"Unaniuliza mimi?"

"Nikuulize nani, dada?"

"Ziende zako. Zimeanza kupasuka."

"Zimepasuka kwa mvua."

"Mvua ilinyesha kwangu pia. Uliziwekea samadi kama unazika mtu."

"Basi ziende zako, ndizo nzuri, zitapata bei popote."

"Zangu zinaweza kusubiri wiki. Zako hazisubiri hata swala."

"Tangu utoto, dada, wewe hukosi neno."

"Na wewe tangu utoto hulitoi kwa wakati."

Nilitamani sana kugeuka. Dereva alipiga honi.

"Nilikuwa nalo," alisema Mtangazaji. "Siku ile nilikuwa nalo mdomoni, kila kabichi niliyoirusha. Kila moja."

"Najua. Nilikuona unaimba. Wewe huimbi ukiwa na raha."

"Uliona?"

"Nimekulea mimi. Nimeyajua yote, na hasira ilikuwa palepale. Ungefanyaje na hasira ya namna hiyo? Niambie wewe uliyesoma Ulaya."

"Huko hawakufundisha hilo."

"Walikufundisha kuvaa tai."

Sikumsikia akicheka, nilisikia benchi likilia alipoketi. Dereva akaja mlangoni. "Mama, mimi naondoka. Mzee, mmeamua?"

"Subiri, bwana," Mama Hoteli alisema. "Tunazungumza."

"Gari ina safari ya..."

"Si umesikia tunazungumza?" alisema Mtangazaji.

Dereva alinung'unika akaenda zake. Wao wakarudi kwenye samadi, kutoka samadi wakaenda kwenye mbuzi aliyepotea baba yao akiwa hai, kila mmoja akiwa na hakika ni mwenzake aliyeacha zizi wazi, na hakuna aliyekubali. Sauti zao zilianza kupandana. Nilisikia injini ikiwaka, nikasikia lori likijivuta, likibadilisha gia pale kwenye kona ya mikaratusi, na mlio wake ukishuka bondeni mpaka ukaisha. Wao hawakusikia. Kabichi zao zote, zilizopasuka na zisizopasuka, zilikuwa bado chini, kando ya barabara, hazijaguswa.

"Lori liko wapi?" Mama Hoteli aliuliza baada ya muda.

"Limeondoka. Ni wewe na mbuzi wako."

"Mbuzi wangu? Ni nani aliyefungua zizi?"

Nilishika kikombe kwa mikono miwili na kuukodolea macho ule msumari, nikashukuru sana kwamba nilikuwa nimegeukia ukuta.